Usafi wa Diski Kila Ijumaa

Wiki ya pili baada ya kustaafu nilipigiwa simu na binti aliyepokea meza yangu, Upendo. Alinisalimia vizuri, akauliza hali ya nyumbani, kisha akafika kwenye shida yake. "Mzee Rajabu, kwenye droo ya chini nimekuta pampu ya baiskeli. Ni ya ofisi au ni yako?" Nikamwambia ni ya ofisi, tena ipo kwenye orodha ya vifaa. Akauliza tena: "Sasa ni ya nini?" Nikaona kumbe mengi tuliyoyafanya kwenye kitengo cha visima hayajaandikwa popote, na ninyi mliobaki mnaweza kudhani tulikuwa tunaziba pancha humo ndani. Basi nimeamua kuandika. Vyeo na mishahara nitaviacha kando, maana havikuwa na kisa cha maana.

Mimi sikuanzia kwenye kompyuta. Nilitoka Kondoa nikiwa na cheti cha ufundi wa redio, nikapata kazi Uhindini, dukani kwa Bwana Jayanti, aliyekuwa akitengeneza taipureta, cherehani na chochote kilichokuwa na skrubu. Alizaliwa Dodoma hapa hapa, na Kigogo alikijua kuliko mimi. Siku ya kwanza alinipa taipureta niifungue. Nikaifungua mbio mbio ili nionekane fundi. Akaja, akatazama lile rundo mezani, akaokota skrubu moja. "Rajabu, hii ya wapi?" Sikujua. Akaokota nyingine. "Na hii?" Sikujua pia. Akazirudisha taratibu. "Leo chakula cha mchana utakula ukimaliza." Nilikula saa kumi na moja jioni. Tangu siku ile sikufungua mashine bila kuichora kwanza kwenye karatasi, kila skrubu na mahali pake.

Ikaja miaka ya ruksa. Vitu vilivyokuwa vikihitaji kibali na kujuana vikaanza kuonekana madirishani, na baada ya muda zikaingia kompyuta zilizokwisha kutumika, kwenye maboksi yenye nembo za bandari za mbali. Bwana Jayanti alinunua mbili bila kujua lolote kuzihusu. Alisema taipureta zimebakiza miaka michache na yeye hana mpango wa kuzikwa nazo. Tukazifungua wote wawili, tukazichora, tukazifunga. Moja ikawaka. Nyingine mpaka leo sijui ilikuwa na nini.

Kwa sifa ya ile moja nikaajiriwa kwenye kitengo cha visima. Nilikuta kompyuta nne zilizoletwa na mradi, kwenye chumba ambacho watu walivua viatu mlangoni. Kila monita ilikuwa imevikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, cheupe, chenye maua pembeni, na hakuna aliyekivua hata mashine ikiwa inafanya kazi. Vitambaa vilifunika matundu ya hewa, kwa hiyo mashine zilikuwa zinachemka kwa adabu. Nilipoviondoa, akina mama wa ofisini walininunia siku nne. Hapo ndipo ilipoingia pampu, Upendo. Vumbi la Dodoma unalijua, na makopo ya hewa ya kupulizia vumbi tuliyaona kwenye vitabu tu. Pampu ya baiskeli, brashi ya rangi na kifutio cha penseli cha kusugulia meno ya kadi za ndani vilinifaa kuliko kifaa chochote kilicholetwa na mradi. Mara moja pampu ilimtoa mjusi akiwa hai. Alitoka, akatutazama, akaondoka zake kama mtu aliyemaliza likizo.

Kompyuta ya tatu ilikuwa ya Bi Salome, mtunza rejista ya visima. Alikuwa mama mrefu, mkazi wa Kizota, mwenye sauti ya chini na macho yanayokusoma. Kazi yake ilikuwa kuingiza kwenye jedwali kila kisima kilichowahi kuchimbwa katika nyanda zetu hizi: kijiji, upande gani wa kijiji, kina, wingi wa maji, na juu ya yote, kiasi cha chumvi. Ninyi mmezaliwa kwenye maji haya, mnajua. Huku unaweza kuchimba hapa ukapata maji ya kunywa, ukasogea mwendo wa dakika kumi ukapata maji ambayo hata mbuzi anayanusa na kugeuka. Rejista ile ndiyo iliyoiambia mitambo ichimbe wapi. Alikuwa ameifanyia kazi miaka saba, akinakili kutoka kwenye madaftari ya wachimbaji, mengine yakiwa yameliwa na mchwa hadi kubaki kama kimia.

Alipomaliza daftari la mwisho, mkuu wa kitengo aliniita na kuuliza kama yale makaratasi yenye mchwa bado yana kazi. Nikamjibu kwa kujiamini, "Yote yamo kwenye kompyuta, mzee. Choma tu." Yakachomwa nyuma ya stoo. Mimi mwenyewe nilishika reki.

Sasa nifike kwenye programu. Mtaalamu wa mradi alituletea sidii mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kupiga picha ya diski, yaani unainakili diski nzima ilivyo, kila kitu na mahali pake, na diski ikifa unairudisha kwenye diski nyingine kama ilivyokuwa siku ya picha. Niliipenda mara moja, maana ni mchoro wa skrubu wa Bwana Jayanti uliofanywa na mashine. Ya pili ilikuwa ya kurudi nyuma. Yenyewe hukaa ndani ya kompyuta ikiangalia kila badiliko, ikihifadhi kilichokuwapo kabla. Ukiharibu kitu leo, unaiambia irudishe kompyuta kwenye hali ya jana au juzi. Ofisini tuliibatiza Rudijana, na kwa mwezi wa kwanza watu walifuta barua zao kwa makusudi ili waone maajabu.

Zilikuja na kijitabu cha Kiingereza chenye kurasa sitini. Nilisoma kumi na mbili, nikaona nimeelewa.

Tatizo ni kwamba nilikuwa tayari na desturi yangu. Diski za zamani zilikuwa na tabia ya kutawanya faili: kipande hapa, kipande kule, na kompyuta inakuwa nzito ikivikusanya. Dawa yake ilikuwa kuzipanga upya, tukiita kudifragi. Kazi hiyo ilichukua saa mbili na zaidi, na mtu hawezi kutumia mashine. Nikapata wazo nililoliona la busara sana. Kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, nilianzisha kudifragi kwenye mashine zote nne, nikaenda kuswali. Nikirudi, diski zimepangika, ofisi inapendeza, na moyo wangu umetulia. Wakristo wa ofisini walikuja kutazama vile viboksi vya rangi vikihama kwenye monita huku wakinywa chai. Mkuu aliwahi kunisifu mbele ya wageni kwamba fundi wetu anafanya usafi hadi ndani ya mashine. Nilivimba kichwa, sitaficha.

Ijumaa hizo zilikwenda karibu mwaka mzima. Kisha ikaja Jumatatu moja, nikafika kazini na kumkuta Bi Salome amesimama mbele ya meza yake, hajakaa.

"Fundi, njoo uone hapa," alisema. "Gulwe ina maji ya Hombolo."

Nikatazama. Alhamisi alikuwa ameombwa orodha ya vijiji kwa mpangilio wa alfabeti. Akachagua safu ya majina ya vijiji na pande zake, akaipanga, akahifadhi, akaenda nyumbani, na Ijumaa hakuja kwa sababu ya msiba. Lakini alichagua ile safu peke yake. Majina yalihama pamoja na pande zake, vina na chumvi vikabaki vilipokuwa. Kila kisima katika rejista sasa kilikuwa na jina la kijiji kingine. Ukitazama kwa haraka huoni kosa lolote, jedwali limenyooka, limependeza. Na mtambo wa kuchimba ulikuwa uondoke kwenda Gulwe baada ya wiki tatu.

"Bi Salome, kaa, pumzika," nilimwambia. "Hii ni kazi ya Rudijana. Tunarudi Jumatano, unakuta kila kitu."

Alikaa. Nikaifungua Rudijana, nikatafuta Jumatano. Haikuwapo. Alhamisi haikuwapo. Kumbukumbu ya zamani kuliko zote ilikuwa ya Ijumaa, saa nane kasoro mchana. Nikaitazama ile saa kwa muda mrefu, kisha nikaenda kwenye kijitabu na kuendelea kutoka pale nilipoishia, ukurasa wa kumi na tatu. Onyo lilikuwa ukurasa wa arobaini na moja, tena ndani ya fremu nyeusi.

Nitawaeleza kama nilivyomweleza yeye. Rudijana ni kama karani wa masjala mwenye daftari moja. Kila jalada likihamishwa, anaandika lilikuwa wapi. Daftari likijaa, anachana kurasa za zamani ili apate pa kuandika. Siku za kawaida majalada machache huhama, kwa hiyo daftari hubeba siku nyingi. Mimi kila Ijumaa nilikuwa naingia masjala na kuhamisha majalada yote chumbani. Karani maskini aliandika, akajaza, akachana, akaandika tena, mpaka kufikia saa nane hakuna jana wala juzi iliyobaki. Mwaka mzima tulidhani tuna kinga ya wiki nzima, kumbe kila Ijumaa nilikuwa naifuta kwa mikono yangu, halafu naenda kuomba dua.

Ofisi nzima ilikuwa tayari kuulaumu umeme. Wiki ile ulikuwa umekatika mara mbili, na mkuu mwenyewe alisema, "Bila shaka ni umeme, Rajabu?" Ilitosha niitikie kwa kichwa. Nawaambia wazi, nilikaribia kuitikia. Kilichonizuia ni kwamba Bi Salome alikuwa amekwishaanza kujilaumu, anasema ni mikono yake, anasema uzee umemwingia. Nikashindwa. Nikasema kosa la safu ni lake, ndiyo, lakini lilikuwa kosa la kurekebishwa kwa dakika kumi, na aliyezifuta hizo dakika kumi ni mimi. Nikasema na yale madaftari pia ni mimi.

Mkuu alitoka chumbani. Bi Salome alinitazama, akauliza kwa sauti ile ile ya chini, "Sasa tunafanyaje?" Hakusema unafanyaje. Neno lile lilinisaidia kuliko pole yoyote.

Picha ya diski ilikuwapo. Miezi minne nyuma niliipiga dukani kwa Bwana Jayanti, aliyekuwa na mashine ya kuandikia sidii, pekee niliyoijua mjini. Nikaibeba kompyuta ya Bi Salome, nikakimbilia kwake. Nilitaka kuimwaga ile picha juu ya diski ya Bi Salome pale pale. Mzee alinishika mkono. "Hiyo diski ni mgonjwa au maiti?" Nikasema ni mgonjwa. "Basi usimfanyie majaribio. Chukua diski nyingine." Akatoa diski kabatini, akaipangusa kwa shati lake.

Shukuruni kwamba alinizuia. Tuliirudisha picha kwenye diski ile nyingine na kompyuta ikakataa kuwaka. Kioo cheusi, maneno mawili, basi. Tulikaa siku mbili na kijitabu, sasa tukisoma kila ukurasa, na tukaona kosa langu la pili: niliipiga picha Rudijana ikiwa macho. Programu ile huwa imekaa kwenye sehemu ya kwanza kabisa ya diski, pale kompyuta inaposoma ili ijue ianzie wapi, na ndani ya picha ilikuwa imenaswa katikati ya kazi yake. Tukawasha kwa flopi, tukaifuta ile sehemu ya mwanzo na kuiandika upya. Siku ya tatu, kabla ya chakula cha mchana, kompyuta ikawaka. Bwana Jayanti akafungua jedwali, akasoma kwa sauti, "Hombolo, maji ya Hombolo," akaenda kunawa mikono ale.

Kwa hiyo vijana, utaratibu ni huu, na ubandikeni ukutani. Mkitaka kupanga diski, zimeni kwanza programu ya kurudi nyuma, kabisa, si kufunga dirisha lake tu. Pangeni diski. Pigeni picha ikiwa bado imezimwa. Kisha ijaribuni picha kwenye diski nyingine, maana picha ambayo haijajaribiwa ni matumaini tu. Ndipo muiwashe tena. Na someni vijitabu, hata kama vinachosha. Zana zote tatu ni nzuri. Ubaya wake ni kwamba hazijuani.

Lakini picha ilikuwa ya miezi minne nyuma, na katika miezi hiyo Bi Salome alikuwa ameingiza visima arobaini na kitu. Vile havikuwamo. Viwili kati ya hivyo vilikuwa vya Gulwe, vimefukiwa zamani, kimoja cha chumvi na kimoja cha maji ya kunywa, na mtambo mpya ulipaswa kuchimba karibu na kile kizuri. Kipi kilikuwa kizuri? Bi Salome alikumbuka vina vyote viwili kwa tarakimu. Pande zilimponyoka. Alifumba macho akijaribu kuona ukurasa wa daftari, akafumbua, akatikisa kichwa. "Naona shimo la mchwa tu," alisema.

Tukapewa Landrova na wiki mbili. Visima vilivyokuwa vikitumika tulivipima upya kimoja kimoja, yeye na kipima chumvi chake, mimi na kalamu. Vilivyokufa ilibidi tutafute watu. Hivyo ndivyo tulivyofika kwa Mzee Chilewa, mchimbaji aliyestaafu, upande wa Mpwapwa. Tulimkuta anatengeneza mlango wa zizi.

"Mbukwenyi," Bi Salome akamsalimia.

Akaitikia, akamtazama. "Wewe ni Salome wa madaftari. Mwandiko wangu uliusomaje?"

"Kwa shida, mzee."

Akacheka, akaridhika. Tulipomuuliza juu ya Gulwe, hakufikiri hata kidogo. "Cha upande wa reli kina chumvi. Mpishi wetu alitupikia chai kwa maji yale siku tisa, maziwa yanakatika, sukari haifui dafu. Siku ya kumi tukahamia upande wa kilima, chai ikawa chai. Mnadhani mtu anasahau chai ya siku tisa?"

Nikamuuliza kama ana hakika. Aliligeukia lango lake na kuendelea kupigilia misumari, nikaelewa nimeuliza swali la kijinga.

Bi Salome aliandika upande wa kilima. Tukaanza safari ya kurudi. Karibu na Kongwa aliniambia, "Nikikosea hapa, watachimba chumvi, na mradi hautarudi Gulwe tena. Jina langu ndilo lililo kwenye rejista." Nilijisikia vibaya mno, kwa sababu alikuwa amebeba mzigo nilioufunga mimi.

Mtambo ulipokwenda Gulwe sote wawili tuliomba kwenda. Walichimba upande wa kilima, siku ya kwanza, ya pili. Siku ya tatu asubuhi maji yakatoka, mekundu kwa udongo, wanawake wakaanza vigelegele. Bi Salome hakupiga. Aliwaomba wasubiri, akakinga kikombe cha bati chini ya bomba. Kipima chumvi kilikuwa begani mwake, hakukitoa. Akanipa kikombe mimi.

"Kunywa, fundi."

Nilikunywa chote, na udongo wake. Kijiji kizima kimesimama kinaniangalia mdomo, na yeye kuliko wote.

"Hayana chumvi," nikasema.

Akakaa juu ya mabomba yaliyokuwa chini na kulia, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile, wala hakuficha uso. Mimi pia nililia, niliyekuwa mtu mzima na suruali ya kaki ya serikali. Kisha nikaenda bombani, nikamkingia cha kwake, akanywa.